Kupaa kwa Mguu Mmoja

Johnstown, Pennsylvania
23 Mei 2016

Kwa yeyote atakayeifungua bahasha hii,
Bustani ya Michezo ya Tamarack

Ndugu,

Nimewatumia barua pepe mbili. Zote zimejibiwa na mashine: "Asante kwa kututembelea, siku yako iwe ya furaha." Siku yangu haikuwa ya furaha. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Mashine haifungui bahasha.

Naitwa Roberta Vukovich, watu huniita Bobbie. Ni fundi chuma. Huyo Kipanga wenu, rolakosta inayowalaza watu kifudifudi wakapaa kama ndege, nimemsimamisha mimi na wenzangu kumi na mmoja. Kiangazi chote kilichopita nilikuwa juu ya nguzo zake, napokea vipande vya reli kutoka kwenye winchi na kukaza nati. Kipande cha mwisho, kile cha kileleni kabisa, nilikifunga kwa mikono yangu hii. Tukaandika majina yetu kwenye chuma, tukapandisha mti mdogo wa msonobari kama ilivyo desturi yetu, na mkurugenzi wenu akapaza sauti kutoka chini, "Ninyi ndio mtakaopanda kwanza!"

Novemba, kulungu aliruka barabarani mbele ya pikipiki yangu. Kulungu alikufa. Mimi nilikatwa mguu wa kushoto, juu ya goti.

Jumamosi iliyopita wenzangu walialikwa kupanda. Nikaenda nao, nikasimama foleni kama mtu. Msichana wa kituoni akautazama mguu wangu wa bandia, akasema, "Samahani mama, hapa lazima uwe na miguu miwili." Nikamwambia, "Ninayo miwili mwanangu, ila mmoja nimeununua." Hakucheka. Wenzangu wakapaa. Mimi nikabaki chini nimewashikia kofia.

Sitaki tiketi ya bure. Pole nimeshapewa za kutosha. Nataka mtu mwenye akili zake anieleze: kwa nini?

Bobbie Vukovich


Tamarack
2 Juni 2016

Bi. Vukovich,

Bahasha yako imezunguka ofisi kadhaa kabla ya kuangukia meza yangu. Mimi ni mhandisi wa usalama hapa. Ile sheria ya miguu miwili niliiandika mimi, kwa hiyo jibu linanihusu.

Rolakosta ya kawaida inakukalisha, na kiti kinabeba uzito wako. Kipanga hakukalishi. Reli umezifunga wewe, lakini viti vililetwa baada ya ninyi kuondoka, kwa hiyo sidhani kama umewahi kuviona vikifanya kazi. Kituoni abiria anakaa wima, kiti kikining'inia chini ya reli. Fulana ngumu inamshuka kifuani. Vibano viwili vinamkumbatia miguu, juu kidogo ya vifundo. Kisha kiti kinainuliwa kwa nyuma mpaka abiria analala akiitazama sakafu, komeo linajifunga, na treni inaondoka. Kuanzia hapo hakuna kitu chini yako. Unaning'inia ndani ya fulana kama nguo kwenye kamba, na vibano vya miguu ndivyo vinavyouzuia mwili usigeuke wala usiteleze.

Halafu kuna kile kitanzi kikubwa. Treni inapiga mbizi kutoka juu, kichwa mbele, na ikifika chini kabisa abiria yuko chali, uzito wake umekuwa mara nne. Mguu wa bandia katika msukosuko huo unaweza kuchomoka, ukamkuta usoni aliyeko safu ya nyuma. Na hata ukiuacha kituoni, kibano kina kihisi: kisipogusa mguu, taa haigeuki kijani, na taa isipogeuka kijani treni haiendi.

Sikuiandika sheria ile kwa dharau. Niliiandika ili nisije nikahudhuria mazishi ya mtu aliyekuja kwangu kucheka. Ningeiandika tena leo.

Lakini nakiri kwamba tangu niisome barua yako, kila nikipita chini ya kilele nainua macho.

Wako,
Orrin Brubaker


Johnstown
8 Juni 2016

Bwana Brubaker,

Wewe ni mtu wa kwanza tangu Novemba aliyenipa jibu badala ya pole. Barua yako nimeibandika kwenye friji.

Sasa nimeelewa. Kumbe ubaya si wangu, ni wa kibano! Kibano kinatafuta kifundo cha mguu, na mimi upande huo sina. Vema. Lakini paja ninalo, nusu nzima, na lina nguvu kuliko paja lako, naapa bila kukuona. Kwa nini lisishikwe paja? Mimi si mhandisi, nauliza tu. Mkisema haiwezekani, nionyesheni palipokwama, nitanyamaza.

Kidonda changu kimepona kabisa, kimekauka kama ubao. Hilo lisikutie wasiwasi.

Jambo moja. Wewe ulipompanda Kipanga, pale chini ya kitanzi ulihisi nini? Nimewauliza wenzangu, wanajibu kwa matusi tu.

Bobbie


Tamarack
20 Juni 2016

Bi. Bobbie,

Nimewaandikia watengenezaji wa treni, kule Ulaya. Nilitegemea jibu la mstari mmoja. Wamenitumia mchoro! Ni mkanda mpana wa kushika paja na nyonga, wenye kihisi chake wenyewe, ili taa isidanganywe na gogo la mbao bali ijue kweli kwamba kuna mtu na ameshikika. Hawajawahi kuujaribu. Wanasema tukitaka, tuanze kwa vipimo.

Njoo katikati ya Agosti. Tutakupima ukiwa umelala, treni ikiwa imesimama. Siahidi zaidi ya hapo. Mkurugenzi ameniambia, "Orrin, usinitafutie kesi," na mimi sina nia ya kumtafutia.

Kuhusu kitanzi, ni hisia ngumu kuieleza kwa maandishi.

Orrin Brubaker


Erie, Pennsylvania
1 Julai 2016

Bwana Brubaker,

Hunijui. Mimi ni Paulette, dada mkubwa wa Bobbie. Nimeziona barua zako kwenye friji yake nilipokwenda kumtazama wiki hii, na ninakuandikia bila yeye kujua. Tafadhali usimwambie.

Baba yetu alikuwa fundi chuma kama yeye. Alianguka kutoka kwenye daraja mimi nikiwa darasa la saba, Bobbie akiwa bado ananyonya kidole. Yeye hamkumbuki. Mimi nakumbuka hata viatu alivyovaa. Bobbie alipochagua kazi ile ile sikusema neno, nikawa nalala na simu mkononi. Alipogongwa na kulungu nililala kwenye kiti cha hospitali mpaka walipomruhusu. Nasema haya ili ujue mimi si mtu wa kuingilia mambo ya watu.

Kidonda hakijapona. Kimefunguka mara mbili. Daktari amemwambia asikifunge wala kukibana na kitu, naye anaitikia kama mtoto mtiifu. Juzi nilimkuta karakana amejifunga mikanda ya kazini, ananing'inia kwenye boriti kifudifudi kama popo, bandeji imelowa damu. Nikapiga kelele. Unajua alinijibu nini? "Nafanya mazoezi, dada. Agosti napaa."

Bwana, umempa matumaini, na matumaini yamempanda kichwani. Mkija kumwambia hapana mwishoni, wewe utarudi ofisini kwako. Mimi ndiye nitakayemwokota. Nakuomba umwambie hapana sasa.

Paulette Vukovich


Tamarack
11 Julai 2016

Bi. Vukovich,

Napenda kukuarifu kwamba upimaji uliopangwa kufanyika Agosti umeahirishwa kwa sababu za kiufundi. Utajulishwa hali itakapobadilika.

Asante kwa uvumilivu wako.

O. Brubaker
Mhandisi wa Usalama


Johnstown
15 Julai 2016

Wewe Brubaker,

"Sababu za kiufundi." Hiyo ni lugha ya ile mashine yenu ya siku njema. Mwezi uliopita nilikuwa Bi. Bobbie, leo nimerudi kuwa Bi. Vukovich?

Mimi nimefanya kazi na wanaume wa kila aina. Waongo, walevi, wavivu, mmoja alikuwa hata na kasuku mwenye matusi. Wote hao, mtu akikosea boliti, alikuwa anasema usoni: nimekosea boliti. Hakuna aliyenitumia karatasi.

Kama umeogopa mkurugenzi, sema umeogopa. Kama mkanda hauwezi kunishika, nionyeshe ulipokatikia. Lakini usininyamazishe kwa adabu. Nimetoka kukatwa mguu, sijakatwa masikio.

Bobbie


Tamarack
20 Julai 2016

Bi. Bobbie,

Una haki. Barua ile ilikuwa ya mtu mwoga.

Ukweli ni huu: nimeambiwa kidonda chako hakijapona. Aliyeniambia sitamtaja, usinibane. Uliniandikia kwamba kimekauka kama ubao. Mkanda huo utakaa hapo hapo penye kidonda, na chini ya kitanzi utabeba uzito mara nne. Ningeuchora kwa kuamini ubao, ungekuta nyama mbichi. Mimi naweza kupigana na mkurugenzi, naweza kupigana na hesabu, lakini siwezi kumjengea kiti mtu anayenificha mwili wake.

Mlango haujafungwa. Pona. Daktari akiandika kwamba umepona, njoo siku yoyote, hata kama ni mwakani.

Orrin


Johnstown
24 Julai 2016

Paulette,

Walioniona karakana ni wawili, wewe na paka. Paka hajui kuandika.

Ulinifundisha kufunga kamba za viatu, ukanilea, ukanilipia chuo cha ufundi. Hayo sijayasahau. Lakini mwili huu ni wangu, hata uliobaki. Usinipigie simu. Nikiwa tayari kuongea nitakutafuta mwenyewe.

Bobbie


Johnstown
3 Oktoba 2016

Orrin,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya daktari. Isome mwenyewe. Nimepona, na safari hii ni kweli. Boriti niliiacha. Nililala, nikala, nikafanya yale mazoezi ya kizee waliyonipa hospitali, nikaona aibu, nikaendelea. Chama chetu cha mafundi kimenipa kazi ya kuwafundisha wanagenzi kufunga mizigo ya winchi. Wananiogopa. Nimefurahi sana.

Sasa la pili. Jumatano kwenye mchezo wa bingo, katika ukumbi wa zimamoto, nilikaa na fundi wako mmoja wa breki. Akila tambi za kabichi akaniambia, "Brubaker? Huyo hajawahi kumpanda Kipanga hata siku moja! Anakagua kila boliti, halafu anasimama pembeni na mikono mfukoni." Ukumbi mzima ukacheka.

"Ni hisia ngumu kuieleza kwa maandishi." Wewe bwana wewe!

Nina sharti basi. Siku nitakayopanda mimi, kiti cha pembeni yangu unakaa wewe.

Bobbie


Tamarack
24 Oktoba 2016

Bobbie,

Jana ulipoondoka baada ya kupimwa ulikuwa unatabasamu. Nimekaa na tabasamu lile usiku kucha, maana halikuwa tabasamu.

Nakuandikia palipokwama, kama ulivyoniomba. Mkanda ulilishika paja vizuri. Lakini kiti kilipoinuka na ukalala, nyonga yako ikazunguka kuelekea upande usio na mguu, kidogo tu, kama meza yenye mguu mfupi. Kihisi kikaliona hilo kabla yangu. Taa ikabaki nyekundu. Ulisema, "Bonyeza tena, labda imelala." Nilibonyeza tena. Ilikuwa macho.

Mkurugenzi amesema inatosha, tumejaribu, jalada lifungwe. Sijalifunga. Nina likizo ya majira ya baridi ambayo huwa naitumia kuvua samaki kwenye barafu. Mwaka huu nakwenda Ulaya kukaa na watu walionichorea ule mkanda. Nauli yangu mwenyewe, kwa hiyo mkurugenzi hana la kusema.

Na ni kweli, sijawahi kupanda. Naogopa. Najua hesabu zake zote, ninajua kwamba hakianguki kitu, na bado nikikifikiria kile kitanzi narudi kukagua boliti. Umecheka vya kutosha? Sharti lako nimelikubali.

Orrin


Johnstown
1 Novemba 2016

Orrin,

Sijacheka. Mtu asiyeogopa juu simtaki kwenye genge langu, ndiye anayewaua wenzake.

Nikuambie kitu ambacho siku ile sikukuambia. Kiti kilipoinuka, kabla ya ile taa, niliiona sakafu chini ya pua yangu na kifua kikining'inia. Kwa pumzi mbili tatu niliusahau mguu kabisa. Nilikuwa kazini, niko juu, upepo uko chini yangu. Halafu taa ikanikumbusha.

Pumzi mbili tatu, Orrin. Kwa mwaka mzima sikupata hata moja. Kwa hiyo nenda Ulaya. Vaa soksi nzito.

Bobbie


Tamarack
18 Aprili 2017

Bobbie,

Kaa chini kwanza.

Tumepata. Kosa letu lilikuwa kulishika paja peke yake. Sasa tumetengeneza kitu kama nusu ya suruali, ya plastiki ngumu iliyowekwa sponji ndani. Inazishika nyonga zote mbili kwa pamoja na kulimeza paja lako lote, kisha inajifunga kwenye kiti kwa makomeo mawili, kila moja na kihisi chake. Mwili hauna pa kuzungukia. Mguu wa bandia unabaki kituoni.

Tulijaza maji kwenye sanamu lenye uzito wako, lisilo na mguu wa kushoto. Mafundi wakaliandika jina kifuani: BOBBIE. Likapanda Kipanga kutwa nzima, siku baada ya siku, mvua na jua. Kila liliporudi nilikimbia kulipima. Halikusogea hata upana wa ukucha. Fundi wako wa breki sasa analisalimia asubuhi.

Mkaguzi wa jimbo amekuja. Mama mmoja mkali, hakucheka wala kunywa kahawa yetu. Alivuta, akasukuma, akaliruhusu sanamu lipande tena na tena mbele yake. Mwisho akatia sahihi, akauliza, "Huyo Bobbie mwenyewe ni nani?" Nikamwambia ni aliyemsimamisha Kipanga. Akasema, "Basi mmechelewa sana." Na mkurugenzi, alipopata habari kwamba bustani nyingine zinakiulizia kiti hicho, amekuwa akiwaambia watu kuwa lilikuwa wazo lake.

Tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi. Lete genge lako lote. Kiti cha pembeni yako ni changu, sijasahau.

Orrin


Johnstown
11 Juni 2017

Dada,

Karibu mwaka mzima simu zako sikupokea. Leo nakuandikia, kwa sababu habari hii nikimwambia mtu mwingine kabla yako nitakuwa nimekuibia.

Nimepaa.

Tulifika wote kumi na wawili, tumevaa kofia za kazi kama wehu, watu wanatupisha njia. Kituoni nikamkuta msichana yule yule. Akasema, "Mama, naomba mguu." Nikauvua nikampa, akaupokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Nikaruka kwa mguu mmoja hadi kitini, nikajitia kwenye ile suruali ya plastiki, fulana ikashuka, kibano kikashika mguu wa kulia. Orrin akakaa pembeni yangu. Uso wake, dada! Mweupe kama donge la unga wa pierogi ambalo halijachemshwa.

"Bobbie," akaniambia, "nikifa..."

"Ukifa nitakichukua kiti chako pia. Nyamaza."

Kiti kikainuka. Sakafu ikaja machoni. Nyonga zangu hazikwenda popote. Taa yangu ilikuwa nyekundu na nikaitazama tu, nayo inanitazama. Halafu ikawa kijani. Nilisikia wenzangu kumi na mmoja wakinguruma nyuma yangu, ungedhani timu imeshinda kombe. Msichana naye alikuwa anaruka, mguu wangu kwapani.

Mnyororo ukatuvuta juu. Mlima ule wa reli niliupanda kiangazi kizima kwa miguu miwili na spana kiunoni, na sijawahi kuuona hivi. Vilele vya misonobari vinapita chini ya tumbo langu, taratibu. Orrin amefumba macho, anahesabu nguzo kwa sauti. Nikamwambia, "Fumbua macho, mhandisi! Kazi yako mwenyewe hii!" Akafumbua kileleni. Pabaya kabisa pa kufumbulia.

Kisha tukaanguka. Naandika "tukaanguka" kwa sababu najua neno hilo linakufanya nini. Najua unamwaza baba. Hata mimi nilimwaza, pale pale, ardhi ikinijia usoni. Dada, baba hakuwa na kitu cha kumshika. Mimi nilishikwa. Chini ya kitanzi nilikuwa chali na mwili umekuwa mzito kama boriti, shavu linanivutika masikioni, na kile kipande cha paja ambacho nimekichukia tangu Novemba ile kilikuwa kimetulia ndani ya kiti, kizito, kizima, changu. Tukatoka juu upande wa pili, tukageuka, na tukapaa. Juu ya bwawa la bustani, mikono nimeinyoosha. Nilipiga kelele ambazo sijui zilikuwa zimekaa wapi muda wote huu.

Tuliporudi kituoni Orrin alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Msichana akamuuliza, "Bwana Brubaker, uko salama?" Akasema neno moja: "Tena." Tukapanda tena. Na tena.

Nami nililia, dada. Hukuwahi kuniona nikilia hospitali, ukadhani mimi ni jiwe. Sikutaka uwe na kazi mbili.

Lile la barua yako kwa Orrin. Nilikuwa na hasira na wewe ulikuwa sahihi. Ningekwenda Agosti ile, ule mkanda ungenichana. Ulininunulia mwaka wa kupona, na malipo yake nikakunyima sauti yangu. Nisamehe.

Mdogo wako,
Bobbie


Erie
14 Juni 2017

Mdogo wangu,

Nilikuwepo.

Orrin aliniandikia tarehe. Nikaendesha gari alfajiri, nikajiambia naenda kutazama getini tu. Nikasimama karibu na muuza maandazi ya sukari, nyuma ya uzio, pale treni inapopita chini kuelekea bwawani. Nilikuja nimejiandaa kufumba macho.

Treni ikashuka. Nilitafuta mwenye mguu mmoja kati ya wale watu waliolala, Bobbie, sikumwona. Wote walikuwa sawa, wamenyooka kama ndege. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba wamekukataza tena. Ndipo nikasikia mtu anatukana kwa Kikroeshia cha bibi yetu, yale matusi yake ya jikoni, na watoto wamejaa kila mahali! Nikajikuta nimepanda juu ya uzio napiga kelele, "Huyo ni mdogo wangu! Huyo ni mdogo wangu!" Muuza maandazi akanipa maji na kiti.

Sikukufuata. Ulikuwa umebebwa juu juu na wenzako, na mimi uso wangu ulikuwa haufai kuonekana. Nilipokuwa natoka, nilimwona bwana mmoja kwenye kiti cha magurudumu, hana mguu, anamuuliza yule msichana wa kituoni kama ni kweli. Msichana akamwambia, "Kweli kabisa, bwana. Karibu, tukupime." Mke wake akaweka mikono kichwani.

Nikasimama pale na funguo za gari mkononi. Nikafikiria miaka yote niliyolala na simu. Kisha nikageuka, nikaenda kukaa kwenye foleni.

Ndiyo, Bobbie. Mimi. Kwa miguu yangu yote miwili. Safu ya mbele kabisa.

Jumapili uje kula. Nitapika, lakini maongezi utayaleta wewe, maana leo ni siku ya nne na sauti yangu bado haijarudi.

Dada yako,
Paulette